Kofi la Kipanga Juu ya Itundwe

Taarifa ya mlango ilimfikia Nyemo Chibago saa tisa na dakika kumi na tatu alasiri. Kipanga, ndege ya kuruka nje ya hewa, kilikuwa kimeondoka Lima dakika nne zilizopita, na hewa ya dunia ilikuwa karibu yote chini ya tumbo lake.

"Rudia," Nyemo alisema kwenye maikrofoni.

"Mlango wa shehena uligoma kufunga," alijibu Kapteni Byabato kutoka juu. "Komeo liliganda. Tumehangaika nalo dakika kumi na moja kabla ya kuruka. Boksi lilitoka kitaluni saa nane na dakika hamsini kwa saa za Dodoma. Piga hesabu mwenyewe, dada."

Nyemo hakuhitaji kikokotoo. Alikuwa mpanga njia wa Shirika la vipanga kwa mwaka wa saba sasa, na umbali wa Lima na Dodoma aliujua kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kisimani kwao: kilomita elfu kumi na mbili na mia tatu. Ndege za zamani zilikuwa zikiumaliza kwa siku nzima na zaidi, abiria wakishuka na kupanda viwanja viwili vitatu, miguu imevimba. Kipanga kiliruka nje ya hewa, kikaanguka upande wa pili wa bahari, kikatua Dodoma kabla abiria hajamaliza gazeti.

Leo hapakuwa na abiria. Palikuwa na rubani na boksi moja, na ndani ya boksi mlikuwa na uboho.

Uboho huo ulikuwa wa Eliaika Mrema, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, aliyekuwa amelazwa Dodoma huku mifupa yake ikiwa imeacha kutengeneza damu. Kipande cha mfupa wake kilipelekwa Lima wiki sita zilizopita, kikapandwa kwenye kitalu, kikaota uboho mpya. Dodoma walijaribu kujenga kitalu kama kile mara nne na mara nne kikafa. Na uboho ukishatolewa kitaluni huishi dakika tisini tu. Ukizidisha hapo, unamwekea mgonjwa maji machafu mwilini.

Dakika tisini zilikuwa zinaisha saa kumi na dakika ishirini. Kwa njia ya kawaida, ile inayozunguka kusini juu ya mapori ya akiba, safari ilikuwa dakika sitini na tisa. Kutoka uwanjani hadi kitandani kwa mgonjwa, dakika tisa. Boksi lingefika saa kumi na dakika ishirini na saba.

Dakika saba zilizozidi.

Njia iliyonyooka ilikuwa dakika hamsini na sita. Ilikuwa fupi kwa dakika kumi na tatu, na ilipita juu ya kijiji cha Itundwe.

*

Mkurugenzi Haroub Mjaka aliingia chumba cha kuongozea vipanga akiwa ameshasikia kila kitu. Alikuwa mtu wa Pemba, mpole wa sauti, na hakupenda kusimama. Alivuta kiti akakaa karibu na Nyemo.

"Nyoosha njia," alisema.

"Kuna watu chini."

"Najua. Tutawaomba radhi baadaye."

"Mara ya kwanza tuliwaomba radhi baadaye, bosi."

Haroub alikumbuka, maana mara ya kwanza wote wawili walikuwepo. Kipanga kinaporudi kwenye hewa huwa bado kina mbio kuliko sauti yenyewe. Hewa haipati muda wa kukipisha. Inasongamana mbele yake kama watu kwenye mlango mwembamba, kisha inaanguka chini yote kwa mpigo mmoja. Wahandisi walikuwa na jina refu la kitu hicho. Watu wa Itundwe walikiita kofi.

Kofi la kwanza liliwapiga miaka miwili iliyopita, asubuhi, bila onyo, kwa sababu hesabu za Nyemo zilisema lingefika ardhini likiwa limechoka. Halikuwa limechoka. Ukuta wa mashine ya kusaga ulimwangukia mama mmoja aliyekuwa akisubiri unga wake, akafa palepale. Watu kumi na wanne walipoteza kusikia. Nyemo alikwenda mwenyewe, akakaa chini mbele ya mkutano wa kijiji, akaandika ahadi kwa mkono wake: kipanga hakitapita tena juu ya Itundwe bila watu wake kuulizwa. Tangu siku hiyo njia iliyonyooka ilifungwa. Ili ifunguliwe ilihitaji ufunguo wa mpanga njia, na mpanga njia alikuwa yeye.

"Basi waulize," Haroub alisema. "Ahadi yako inasema waulizwe. Lakini kabla ya saa kumi kasorobo Byabato lazima ajue anaelekea wapi. Akishaigusa hewa hawezi kubadili." Akasukuma kibao chake juu ya meza. Kilionyesha picha ya mwanamke mwembamba kitandani, amefunga kitambaa kichwani, anajaribu kutabasamu. "Watumie na hii."

Nyemo aliitazama picha.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Hiyo si kuuliza. Hiyo ni kumkaba mtu koo halafu kumwambia achague."

"Nyemo, huyu binti atakufa."

"Nitawaambia atakufa. Picha sipeleki."

Akaipiga namba ya mwenyekiti wa kijiji. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na nane.

*

Kalunde Msengi alipokea simu katikati ya kelele. Ng'ombe walikuwa wakilia, watu wakicheka, na mtu mwenye kipaza sauti akinadi fahali kwa maneno ya haraka haraka. Nyemo alifumba macho. Jumatano. Alikuwa amesahau kwamba Jumatano ni siku ya mnada.

"Shikamoo mama. Ni Nyemo Chibago, wa vipanga."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nyemo alimweleza moja kwa moja, bila kupamba. Boksi, mlango uliogoma, dakika tisini, njia mbili. Akamwambia kwamba kofi lingepiga Itundwe saa kumi kasoro dakika mbili, na kwamba jibu lilitakiwa kabla ya saa kumi kasorobo.

"Una akili timamu, mwanangu?" Kalunde aliuliza. "Nina ng'ombe elfu moja na mia nane hapa. Nina watu kutoka vijiji sita."

"Nimekuelewa, mama."

"Na tukikataa?"

"Mkikataa, kipanga kitazunguka kusini kama siku zote."

"Na mgonjwa?"

"Atakufa."

"Usiniambie hivyo kana kwamba mimi ndiye nitakayemuua!"

"Hapana, mama. Mlango ulioganda ni wetu, na kipanga ni chetu. Mkikataa, hatia itabaki huku kwetu, na mimi nitasema hivyo mbele ya yeyote atakayeuliza. Lakini niliahidi kuwauliza, na sasa nawauliza."

Kelele za mnada ziliendelea. Kisha Kalunde akasema, "Anaitwa nani?"

"Eliaika Mrema. Anachomelea vyuma."

"Ngoja."

Nyemo alisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Alielewa kinachoendelea. Mume wa Kalunde, Mzee Sumbi, alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne waliopoteza kusikia, na mkewe alimwandikia kila jambo kwenye daftari dogo alilolitundika shingoni kwa kamba. Haroub aliangalia saa ya ukutani. Saa tisa na dakika ishirini na nne.

Mara ikaja sauti ya mwanamume, kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe.

"MWULIZE! Kama hapa pangekuwa mjini, angetuuliza, au angezunguka tu?"

Haroub alitikisa kichwa taratibu, akimwonya Nyemo asijibu. Nyemo akajibu.

"Mwandikie, mama. Mwandikie hivi: ningezunguka. Juu ya mji nisingethubutu hata kuuliza. Nawauliza nyinyi kwa sababu mko wachache, na najua kwamba hilo si haki."

Kalamu ikakwaruza tena. Haroub alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"HUYU ANGALAU HADANGANYI," alisema Mzee Sumbi.

"Nitawauliza watu," Kalunde akasema. "Siwezi kulijibu peke yangu. Usikate."

*

Kilichofuata Nyemo alikisikia kwa mbali, kupitia simu iliyoshikwa na mwanamke anayetembea haraka. Alimsikia mnadi akinyang'anywa kipaza sauti. Alisikia Kalunde akieleza, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kigogo, kisha kwa Kisukuma kwa ajili ya wafugaji. Hakuongeza chumvi, wala hakupunguza. Alitaja jina la Eliaika mara moja tu. Alimtaja pia mama aliyekufa kwenye mashine ya kusaga, mara mbili.

Watu walipiga kelele. Mtu mmoja alisema kwa hasira kwamba mjini wana hospitali na sisi tuna makofi. Mwingine akasema ng'ombe wake hawajaulizwa, na watu wakacheka, kicheko cha woga. Mwanamke fulani akasema dada yake alikufa Manyoni kwa kukosa damu, wakati gari lililobeba damu lilikuwa limekwama kwenye tope kilomita tatu kutoka hospitali. Baada ya huyo, kelele zilipungua.

"Wanaotaka kipite, wasogee upande wa mizani," Kalunde aliamuru. "Wasiotaka, upande wa barabara. Haraka."

Saa tisa na dakika thelathini na tatu alirudi kwenye simu. Alikuwa akihema.

"Wengi wamesogea kwenye mizani. Waliokataa si wachache, mwanangu. Uandike hilo."

"Nitaandika."

"Sasa sikia. Watu tunawaweka uwanjani, mbali na kuta, masikio wayazibe. Hilo tunaliweza. Ng'ombe ndio shida. Wakiwa zizini wakishtuka watalivunja zizi na kukanyaga watu. Lazima tuwatoe wote kwenda bondeni, na kabla ya saa kumi kasoro dakika mbili hatumalizi. Tuongezee muda."

"Kiasi gani?"

"Robo saa."

"Sina robo saa, mama."

"Una ngapi?"

Nyemo aligeukia skrini. Njia iliyonyooka ingemfikisha Eliaika uboho wake saa kumi na dakika kumi na nne, dakika sita kabla ya mwisho. Hizo sita ndizo zilizokuwapo, na hazikuwa zake. Alimpigia daktari kwa laini ya pili.

"Daktari, nikikuletea boksi zikiwa zimebaki dakika mbili badala ya sita?"

"Mbili?" Daktari alivuta pumzi. "Mrija uko tayari. Nitasimama mlangoni. Mbili zinatosha kama hakuna mtu atakayejikwaa."

Kisha akamwita Byabato. "Kapteni, ukinyanyua pua wakati wa kuingia, uteleze juu ya hewa kabla ya kuzama, unapoteza dakika ngapi?"

"Nne, pengine. Tumbo litapata moto kuliko lilivyozoea."

"Litavumilia?"

"Limejengwa livumilie. Halijawahi kuulizwa." Byabato alicheka kidogo. "Kofi nalo litapungua, maana mbio nitaziacha juu. Halitaisha, lakini litapungua."

"Uko peke yako humo, Kapteni. Sikulazimishi."

"Wewe tia saini mstari wako, dada. Nitaufuata utakaousaini wewe, siufuati wa mtu mwingine."

Nyemo alirudi kwa Kalunde. "Dakika nne, mama. Kofi litafika saa kumi na dakika mbili. Zaidi ya hapo sina kitu cha kukupa."

"Nne," Kalunde alisema, kama mtu anayepima nguo kwa mkono. "Haya. Nne."

Nyemo aliingiza ufunguo, akauzungusha. Kwenye skrini mstari ulijinyoosha, ukainama kidogo mwishoni, ukapita katikati ya jina la Itundwe. Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na nane. Haroub alimgusa bega, akatoka nje kwenda kusimamia gari la wagonjwa.

*

Nyemo alibaki na simu sikioni. Kalunde hakuikata, aliitia mfukoni ikiwa wazi, na Nyemo akasikia kijiji kikihama. Filimbi za wafugaji. Fimbo kwenye migongo. Mtu akigawa pamba ya kuziba masikio na kumgombeza anayechukua nyingi. Wagonjwa wawili wakitolewa zahanati juu ya magodoro.

Saa kumi kasoro dakika tano kilizuka kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Lango la zizi kubwa lilikuwa zito na bawaba yake mbovu. Lilitaka mtu wa kulishikilia wazi mpaka ng'ombe wa mwisho apite. Vijana waliolishika walikuwa wakitazama juu kila mara, na kila walipotazama juu lango lilirudi na kuwabana ng'ombe.

"NIPENI MIMI," Nyemo alimsikia Mzee Sumbi akisema. "Nyie mnaliogopa kofi. Mimi haliwezi tena kunishtua."

"Sumbi, toka hapo!" Kalunde alipaza sauti, kisha akakumbuka kwamba alikuwa akimpigia kelele mtu asiyesikia. Nyemo alisikia miguu yake ikikimbia.

Saa kumi na dakika moja Byabato akasema kutoka angani, "Nimeingia. Kuna moto mzuri sana huku." Sauti yake ilikatika, ikarudi, ikakatika.

Saa kumi na dakika mbili simu ya Kalunde ilinyamaza.

Haikuleta mshindo wowote. Ilinyamaza tu, ghafla, kana kwamba mtu ameifunika kwa kiganja, kwa sababu sauti ile ilikuwa kubwa kuliko simu. Nyemo alihesabu moyoni. Alipofika sita, simu ilirudi, na kitu cha kwanza alichosikia ni kwato. Kisha vilio vya watoto, kisha watu wakiitana majina. Kuta? Mtu alisema kuta zimesimama. Mtu akasema vioo vya ofisi ya kijiji vyote vimekwenda.

"Mama Kalunde," Nyemo aliita. "Mama."

Aliita tena na tena.

Saa kumi na dakika tisa kipanga kilitua Dodoma, tumbo jeusi kama sufuria ya kuni. Saa kumi na dakika kumi na nane boksi lilifunguliwa kitandani kwa Eliaika Mrema. Watu wa chumba cha kuongozea walipiga makofi, na Nyemo alisimama katikati yao, simu bado iko sikioni, mpaka Kalunde alipoongea.

"Waliobaki zizini walikuwa kama thelathini," Kalunde alisema. Sauti yake haikuwa na machozi, ilikuwa imekauka. "Walirudi nyuma wakalisukuma lango. Lilimbana Sumbi kwenye nguzo. Nyonga yake imevunjika, mwanangu. Nimeuona mfupa."

"Natuma helikopta sasa hivi."

"Itume," Kalunde akasema, na safari hii akakata.

*

Siku ya kumi daktari alitangaza kwamba uboho umeshika. Eliaika Mrema alikuwa ameanza kutengeneza damu yake mwenyewe, na alikuwa ameomba uji wa ulezi usiokuwa na sukari. Shirika lilileta keki. Haroub alimwita Nyemo ofisini, akafunga mlango, akamwonyesha karatasi mbili.

Ya kwanza ilikuwa taarifa ya safari kwenda Mamlaka ya Anga. Nyemo aliisoma akiwa amesimama. Sentensi ya tatu kutoka mwisho ilisema: *Wakazi walishirikiana kikamilifu, na hakukuwa na madhara makubwa.*

Ya pili ilikuwa ombi la kuifungua njia iliyonyooka kwa safari za kila wiki, za abiria.

"Hili linatoka wapi?" Nyemo aliuliza.

"Linatoka kwako," Haroub alisema, na hakuwa anamkejeli. "Umeonyesha kwamba inawezekana. Ukinyanyua pua kofi linapungua. Watu wana muda wa kujiandaa, wanajua la kufanya. Hata ukitoa zile nne, zinabaki dakika tisa, Nyemo. Ukimpunguzia kila abiria dakika tisa kila safari, kwa mwaka mzima, unajua ni maisha ya watu wangapi?"

"Ni watu wanaowahi mikutano."

"Na wagonjwa pia. Utamkatalia mgonjwa mwingine?"

"Akija mgonjwa mwingine nitawauliza tena."

"Itundwe wameshakubali!"

"Walikubali Jumatano ile, kwa ajili ya mtu mmoja waliyemjua jina. Mtu akikukaribisha ndani mvua inanyesha, hajakupa nyumba." Nyemo aliiweka karatasi ya pili juu ya meza, akaisukuma kwa kidole kurudi upande wa bosi wake. "Hii sisaini."

Haroub alivua miwani. Alionekana amechoka, na kwa kweli alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu. Usiku wa Jumatano ile alikesha hospitalini na mama yake Eliaika.

"Bodi itaniuliza kwa nini mpanga njia wangu anawazuia. Watasema tukuondoe."

"Wakiniondoa, mwambie atakayekuja akae Itundwe wiki nzima kabla hajapewa ufunguo."

"Na hii nyingine? Taarifa?"

"Hii nakwenda nayo."

"Wapi?"

"Kwa mtu ambaye madhara yake si makubwa."

*

Mzee Sumbi alikuwa amelazwa Manyoni, alipotaka mwenyewe, ili ndugu zake wamfikie kirahisi. Chuma kirefu kilikuwa kimepita pajani hadi nyongani. Kalunde alikaa kwenye kiti cha plastiki, akimenya chungwa kwa kisu kidogo. Alimwitikia Nyemo salamu bila kumtazama, kisha akamkatia kipande cha chungwa, akampa.

Nyemo aliomba daftari. Akaandika: *Mgonjwa anaendelea vizuri. Ameomba uji.*

Mzee Sumbi alisoma, akacheka kwa nguvu, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. "UJI! Basi ni mzima huyo."

Nyemo akaandika tena, kwa muda mrefu zaidi. Aliandika kuhusu ombi la safari za kila wiki na jibu alilotoa. Aliandika kwamba huenda akafukuzwa, na kwamba hata akifukuzwa atakwenda mbele ya Mamlaka kama raia wa kawaida na kusema aliyoyaona. Kisha akaweka ile taarifa juu ya shuka, akaonyesha kwa kidole sentensi ya tatu kutoka mwisho.

Mzee aliisoma mara mbili. Akampa mkewe naye asome. Kalunde alisoma akaacha kumenya.

"Tungekataa, angekufa yule binti," Mzee Sumbi alisema. Alijaribu kushusha sauti, na kwa bahati akaweza. "Nimelifikiria hapa kitandani, sina kazi nyingine. Ningelishika lile lango tena. Sijutii. Umesikia? Andika kwamba sijutii." Akainua kidole. "Lakini usije ukawaambia wenzako kwamba sikuumia."

Nyemo alitoa kalamu yake. Aliikata ile sentensi kwa mstari mmoja mnene. Juu yake akaandika kwa mkono jina kamili la mzee, umri wake, mfupa uliovunjika, na kwamba daktari amesema hatatembea tena bila fimbo. Akaandika idadi ya waliosogea upande wa barabara, mia mbili na sita, kama Kalunde alivyowahesabu. Chini akaandika maneno yote mawili ya Mzee Sumbi, la kutojuta na la kuumia, kila moja kwenye mstari wake. Akatia saini. Akaipiga picha kwa simu, akaituma Mamlaka na nakala kwa Haroub.

"Wamekufukuza?" Kalunde aliuliza.

"Bado, mama."

"Watakufukuza."

"Labda."

Muuguzi aliingia akivuta kigari. Ulikuwa muda wa kumgeuza mgonjwa ili mgongo usioze, na mwenzake wa zamu alikuwa ameitwa wodi ya wazazi. Alitazama huku na huku, akamwona Nyemo.

"Wewe dada, una nguvu? Shika pembe hiyo ya shuka. Mama, wewe hii. Tunamwinua, tunamgeuza kwangu, polepole. Msiachie hata akipiga kelele."

Nyemo aliweka kalamu chini, akakunja mikono ya shati, akaisokota pembe ya shuka kwenye viganja vyake kama alivyoona Kalunde akifanya. Mzee Sumbi alimtazama usoni.

"Moja," muuguzi alihesabu. "Mbili."

Walimwinua. Alipiga ukelele mkubwa, uliojaza wodi nzima, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa akiusikia. Nyemo alikaza mikono, akamshikilia mpaka akalala upande wa pili.